UZI: Sir James Douglas wa Uskoti, aliyeteka ngome ili azibomoe

Mhenga wa Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu salaam. Ukitaja vita vya uhuru wa Uskoti humu ndani, watu wote wanakimbilia William Wallace. Hakuna ubaya, ila Wallace alishinda vita moja kubwa, Stirling Bridge, 11 Septemba 1297. Miezi kumi baadaye akapigwa Falkirk, na 23 Agosti 1305 akauawa London. Leo naweka mezani mtu aliyekaa vitani tangu 1306 hadi 1330 na akafa akiwa na mashamba yake yote mkononi: Sir James Douglas. Waingereza walimwita Douglas Mweusi, Waskoti wakamwita Sir James Mwema.

Alizaliwa kama 1286. Baba yake, Sir William Douglas, alikuwa mkuu wa ngome ya Berwick mji huo ulipovamiwa na Edward I, mfalme wa Uingereza, mwezi Machi 1296. Alisalimu amri, akaachiwa, mwaka uliofuata akaasi tena, akafungwa na kufia Mnara wa London. Ardhi yake akapewa Mwingereza, Robert Clifford. Mtoto alikuwa amepelekwa Paris. Aliporudi akapokewa na William Lamberton, askofu wa St Andrews, akawa kijana wa kumkatia nyama mezani. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima kwa mtoto wa bwana, msimdharau.

Mwaka 1304 Edward I alikuwa ameizingira Stirling. Askofu akamleta kijana mbele ya mfalme aombe ardhi ya baba yake. Edward akauliza huyu ni mtoto wa nani. Alipotajiwa jina, akasema baba yake alikuwa adui na mashamba yameshapata mwenyewe. Wakaondoka mikono mitupu.

Kuna jambo huwa halisemwi sana. Stirling ilikuwa na walinzi wachache tu, ikasimama tangu Aprili hadi 24 Julai, na ikaangushwa kwa mitambo mikubwa ya kurushia mawe. Mkubwa kuliko yote uliitwa Warwolf, na Edward aliutumia hata baada ya walinzi kutaka kusalimu amri, ili auone unavyofanya kazi. Kwa maoni yangu Douglas alijifunza hapo kwamba mwenye fedha na mafundi ataichukua ngome yoyote akipewa muda. Waskoti hawakuwa na fedha wala mafundi. Basi ngome ukiiteka, ukae nayo ya nini?

Hiyo ndiyo hoja ya uzi huu. Wajuzi karibuni.

Kalamu Nyeusi

Mleta uzi umeanza vizuri, naongezea 1306. Tarehe 10 Februari Robert the Bruce alimuua mpinzani wake John Comyn ndani ya kanisa la watawa pale Dumfries, na 25 Machi akatawazwa mfalme wa Uskoti pale Scone. Douglas alimkuta njiani akampigia magoti. Farasi aliyempanda ni wa askofu Lamberton. Askofu mwenyewe alikuwa ameruhusu kimyakimya, ila farasi ilibidi "aibiwe" ili mzee asije akashtakiwa kwa uhaini.

Baada ya hapo ni vipigo mfululizo. Methven, 19 Juni 1306, jeshi la Bruce lilishtukizwa alfajiri likiwa kambini. Kisha Dalrigh. Kufika ziwa Loch Lomond walikuwa wanatembea kwa miguu na hawana cha kuvukia. Douglas ndiye aliyeibua kimtumbwi kilichozama majini, kinavuja, kinabeba watu watatu tu. Anaingia mpiga kasia na abiria wawili, anashusha, anarudi. Wapo waliochoka kusubiri wakaogelea, mizigo kichwani. Kuvuka kulichukua usiku mzima na siku moja.

Dodoso

Naomba kuuliza wakuu. Hizo ngome walikuwa wanaziingiaje kama hawana mitambo? Ukuta wa mawe haupandwi kwa ushujaa.

Mchimba Chumvi

@Dodoso swali zuri, na tuna bahati: mtawa wa Kiingereza aliyeandika kitabu cha matukio kiitwacho Lanercost alieleza ngazi zao kipande kwa kipande, kwa sababu Waskoti walizikimbia zikabaki zinaning'inia ukutani. Ilikuwa Berwick, usiku wa 6 Desemba 1312.

Unachukua kamba mbili imara, kila moja urefu wa ukuta. Unapiga fundo mwishoni mwa kila kamba. Ubao wa kukanyagia una urefu wa futi mbili na nusu na upana wa nusu futi, umetobolewa tundu moja kila mwisho. Kamba zinapita kwenye matundu na ubao unakaa juu ya mafundo. Unapanda futi moja na nusu, unapiga mafundo mengine, unaweka ubao mwingine, hivyo hivyo hadi juu. Hapo una ngazi inayokunjwa na kubebwa na mtu mmoja mgongoni, gizani, bila kugonganagongana kama ngazi ya miti.

Sehemu ya ufundi ni kulabu. Ni ya chuma, imepindwa kwa pembe, si ya mviringo. Mkono mmoja, futi moja au zaidi, unalala juu ya ukuta. Mkono wa pili, urefu uleule, unaning'inia kuelekea chini, una pete mbili za kufungia kamba na tundu la mviringo la kuingizia ncha ya mkuki. Mkuki nao una urefu wa ukuta. Watu wawili wananyanyua kulabu, kamba na mbao zote kwa mkuki huo, wanaipachika juu, wanauchomoa mkuki. Kulabu ya mviringo ingeyumba mtu anapopanda. Hii yenye pembe, kadiri mpandaji anavyokuwa mzito ndivyo inavyozidi kuuma ukuta.

Shida ya ngazi ya kamba ni kwamba inajibana na ukuta, vidole vya miguu vinakosa pa kuingia. Dawa yao: kila ubao wa tatu ulifungwa kizuizi kinachoisukuma kamba mbali na mawe.

Na kilichoharibika Berwick si ngazi. Mbili zilishapachikwa, mbwa akabweka, mji ukaamka. Waingereza wakazitundika ngazi hadharani kuwakejeli. Mtawa anakiri kuwa mbwa aliwaokoa Berwick kama bata bukini walivyouokoa Roma zamani.

Mhenga wa Kaskazini

Mchimba Chumvi umemaliza kazi. Sasa Roxburgh ndipo ngazi hizo zilipozaa matunda, usiku wa Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu, Februari 1314. Ngome hiyo inakaa kati ya mito Teviot na Tweed, shambulio la wazi halina njia nzuri ya kuingilia.

Douglas alikuwa na watu kama 60. Fundi wa ngazi aliitwa Sim wa Ledhouse. Walivaa majoho meusi juu ya deraya ili chuma kisiwake wala kulia, wakatambaa kwa mikono na magoti, mmoja mmoja, kama ng'ombe wanaotafuta malisho jioni. Walinzi wawili wakawaona. Mmoja akasema yule mkulima jirani leo anasherehekea mpaka kasahau kuingiza ng'ombe wake, mwenzake akajibu kesho Douglas atakuwa kashawaswaga. Wakaendelea na zamu.

Angalieni alivyochagua siku. Ni usiku wa mwisho wa kula na kunywa kabla ya Kwaresima, kikosi chote kiko ukumbini kinacheza na kuimba. Kulabu ilipogusa jiwe ililia, mlinzi mmoja akasikia akaja kuchungulia. Sim alishafika juu, akamchoma kisu akamtupa nje ya ukuta. Mkuu wa ngome, de Fiennes, akajifungia mnarani na watu wachache hadi alipopigwa mshale usoni, ndipo akasalimu. Walimwacha aende Uingereza, akafa kwa jeraha lile.

Halafu sasa: Bruce alimtuma ndugu yake Edward Bruce na watu wengi, wakaivunja Roxburgh mpaka chini. Mwezi mmoja baadaye, 14 Machi, kamanda mwingine wa Bruce, Thomas Randolph, akapanda mwamba wa Edinburgh usiku, akaichukua, nayo ikabomolewa.

Kalamu Nyeusi

Hapo naweka breki kidogo. Mengi ya haya (ng'ombe, mazungumzo ya walinzi, Sim na kisu) yanatoka kwa John Barbour, padri mkubwa wa Aberdeen, aliyeandika utenzi wake mnamo 1375. Douglas alikuwa amekufa miaka 45. Na wakati huo ukoo wa Douglas ulikuwa na nguvu kuliko karibu koo zote za Uskoti, mwanawe Archibald akiwa hai na mtu wa kuogopwa. Mshairi hajichongei kwa wakubwa.

Ila simkatai moja kwa moja. Maelezo ya ngazi ya Barbour yanafanana na ya mtawa wa Lanercost, na yule mtawa aliwachukia Waskoti. Pale maadui wawili wanapokubaliana, tuamini. Maneno ya mlinzi juu ya mkulima, chukueni kama chumvi ya mezani.

Mwana wa Pwani ya Juu

Wakuu mnamsifia tu. Mbona hamsemi ya Jumapili ya Matawi 1307? Yule hakuwa malaika.

Mhenga wa Kaskazini

@Mwana wa Pwani ya Juu inasemwa sasa hivi. Tarehe 19 Machi 1307. Douglas alirudi kwao Douglasdale kwa siri na watu wawili, akafichwa na Thomas Dickson, mtu wa zamani wa baba yake. Ngome ya Douglas ilikuwa na kikosi cha Clifford. Wakajua kwamba siku ya Matawi kikosi kitashuka karibu chote kwenda misa kanisa la St Bride. Wenyeji waliingia kanisani wakiwa na silaha chini ya majoho. Ishara ilikuwa kelele "Douglas! Douglas!", na hapo ndipo mpango ulipokwaruza: mmoja alipiga kelele mapema, Douglas akiwa bado hajafika mlangoni. Dickson akachomoa upanga peke yake akaangushwa. Bahati wengine walikuwa wengi, wakawazidi nguvu.

Ngomeni walibaki mpishi na bawabu, mlango haujafungwa. Wakala chakula kilichokuwa kimepikwa tayari. Kisha Douglas akakusanya ngano, unga na kimea vyote ghalani, akarundika sakafuni, akapasua mapipa ya mvinyo juu yake, akawakata vichwa mateka hapohapo, akachoma moto. Kisimani akatupa chumvi na mizoga ya farasi. Wenyeji wakakiita ghala la Douglas, na jina limebaki hadi leo.

Ukatili upo, sibishi. Ila tazameni alichoharibu: chakula, kinywaji, maji. Kuta za mawe hakuwa na muda wa kuzivunja, Clifford angekuja na jeshi. Alichokifanya ni kuhakikisha kikosi kinachofuata kinaanza upya na kisima kilichooza. Clifford akaijenga tena na kuweka watu, Douglas akaja tena.

Mchimba Chumvi

Na aliporudi alitumia chambo. Mara ya pili alificha watu vichakani, akatuma wachache waswage ng'ombe karibu na lango. Mkuu wa ngome, Thirlwall, akatoka kuwafukuza ili arudishe ng'ombe, akapitiliza maficho, njia ya kurudi ikafungwa. Akauawa. Mara ya tatu alijaza majani kwenye magunia, akayapakia juu ya farasi, watu wake wakavaa kama wachuuzi wanaopeleka nafaka sokoni. Ngome ilikuwa na njaa, mkuu mpya akatoka na watu wake kuikamata nafaka. Wachuuzi wakatupa magunia na majoho, wakarukia farasi, chini ya majoho ni deraya.

Mbinu ni moja tu: mtu aliye ndani ya ukuta anashindwa na tumbo lake. Usimfuate, mtoe.

Dodoso

Kwa nini basi walipigana Bannockburn uwanjani, kama walikuwa wanakwepa vita vya wazi?

Kalamu Nyeusi

Kwa sababu ya Edward Bruce. Alikuwa ameizingira Stirling, akachoka, akapatana na mkuu wake Philip Mowbray: msipookolewa hadi katikati ya kiangazi 1314, mtatukabidhi. Ahadi hiyo ilimlazimisha Edward II, mfalme mpya wa Uingereza, aje na jeshi kamili, na mfalme Robert Bruce hakufurahi hata kidogo na alichofanya mdogo wake.

Vita vilikuwa 23 na 24 Juni. Douglas alipewa cheo cha kuongoza chini ya bendera yake mwenyewe hapo uwanjani. Barbour anasema Waskoti walikuwa na vikosi vinne vya mikuki na Douglas aliongoza kimoja pamoja na kijana Walter Stewart. Waandishi wengine wa karibu na tukio wanahesabu vitatu. Mimi niko upande wa vitatu, na naona Barbour aliongeza cha nne ili Douglas na Stewart wapate mahali pa kusimama. Kumbukeni mfalme wa 1375 alikuwa Stewart.

Mhenga wa Kaskazini

Hapo hatutakubaliana, Barbour alikuwa na habari za vikosi kuliko watawa. Lakini kazi ambayo wote wanampa Douglas ni kumfukuza Edward II. Alikuwa na wapanda farasi kama 60 dhidi ya mamia waliomzunguka mfalme. Hakuwashambulia. Aliwafuata kwa umbali mdogo usiokuwa na nafasi hata ya kushuka kukojoa, aliyebaki nyuma anakamatwa au anauawa. Mfalme akafika Dunbar akapanda mashua.

Bi Kurunzi

Naomba ya Weardale, kaskazini mwa Uingereza, 1327 isisahaulike, maana ndiyo inayoonyesha walivyotembea. Tuna shahidi wa macho, Jean le Bel wa Liège, aliyekuwa kwenye jeshi la Edward III, mfalme aliyemfuata Edward II, pamoja na John wa Hainault.

Waskoti hawakuwa na mikokoteni, mkate wala mvinyo. Kila mpanda farasi alibeba bamba la chuma chini ya tandiko na mfuko wa unga wa oti nyuma yake. Nyama ni ya ng'ombe wa adui. Wanachuna, wanaitundika ngozi yenyewe kwenye miti, wanaitia maji na nyama, wanawasha moto chini. Maadamu maji yapo, ngozi haiungui haraka. Siku nyingi za nyama isiyoiva tumbo linalegea, ndipo bamba linawekwa motoni, unga unatiwa maji kidogo, wanachoma vimkate vyembamba. Farasi ni wadogo, jioni wanaachiwa wale majani.

Waingereza walijaribu kuwaiga bila vifaa hivyo. Waliacha mizigo nyuma ili wakimbie, kila mtu mkate mmoja kafunga kwenye tandiko. Mvua ikanyesha siku kwa siku, mkate ukalowana jasho la farasi, kuni mbichi haziwaki, matandiko yakaoza na kuwachubua farasi migongo. Na Waskoti hawaonekani! Wanaona moshi wa vijiji tu. Ikabidi mfalme aahidi ardhi ya pauni 100 kwa mwaka na cheo cha Sir kwa atakayewapata. Thomas Rokeby akawapata kwa njia rahisi: walimkamata, wakamwachia akawaite.

Walipokutana, Waskoti walikuwa juu ya kilima ng'ambo ya mto Wear, mahali pasiposhambulika. Edward III, miaka 14, akawatumia ujumbe washuke wapigane kiungwana. Wakajibu mfalme anaona tupo nchini kwake na tumeichoma, kama hapendi aje. Kisha wakahamia Stanhope Park, pazuri zaidi. Usiku Douglas akavuka mto na wapanda farasi mia kadhaa, akapita kambini akikata kamba za mahema, hata za hema la mfalme. Siku chache baadaye Waskoti wakawasha mioto mingi, wakaondoka usiku kupitia kinamasi wakiwa wametandika matawi farasi wapite. Asubuhi kambini zilibaki ngozi za kupikia kwa mamia, mishikaki na jozi chakavu za viatu vya ngozi mbichi. Mvulana mfalme alilia machozi.

Mwaka uliofuata Uingereza ilitia saini kwamba Uskoti ni ufalme huru.

Dodoso

Na habari ya moyo wa Bruce kurushwa vitani ni kweli?

Mchimba Chumvi

Moyo ulikwenda, hilo ni kweli. Kurushwa, hapana. Bruce alifariki Cardross 7 Juni 1329, akaagiza moyo wake upelekwe dhidi ya maadui wa dini, kwa kuwa aliweka nadhiri ya kwenda Nchi Takatifu asiitimize. Ulikaushwa kwa dawa, ukawekwa kwenye kijaluba cha fedha, Douglas akauvaa shingoni. Kutenganisha maiti kulikuwa kumepigwa marufuku na Papa Boniface VIII mwaka 1299, na ilibidi Papa John XXII aombwe msamaha baadaye, 1331.

Edward III alimpa hati ya kusafiri na barua ya kumtambulisha kwa Alfonso XI wa Castile, tarehe 1 Septemba 1329. Alitia nanga Sluys siku 12 akila kwa vyombo vya fedha merikebuni na kukaribisha wageni. Kisha Seville. Alfonso alikuwa anaizingira ngome ya Teba, mpakani mwa Granada, ufalme wa Waislamu kusini mwa Hispania. Tarehe 25 Agosti 1330 jemadari wa Granada, Uthman, alituma wapanda farasi mtoni kuwavuta Wakristo, huku wengine wakiilenga kambi. Wale wa mtoni wakarudi nyuma, Douglas akawafukuza. Wapanda farasi wepesi wa aina ile hukimbia ili wageuke. Alipogundua amebaki na watu kama kumi tu, alikuwa na nafasi ya kujitoa, ila akamwona Sir William Sinclair amezingirwa, akarudi kumsaidia. Wakafa wote wawili, na ndugu Logan pia.

Mtu aliyewatoa makamanda wawili wa ngome yake kwa ng'ombe na magunia ya majani, aliuawa kwa chambo kilekile. Hakuwa ameizoea nchi wala adui yule.

Maneno ya kuurusha moyo mbele na kusema "tangulia" yaliingizwa kwenye masimulizi baada ya Barbour. Mwili ulichemshwa, mifupa ikarudishwa kanisa la St Bride, na moyo wa Bruce ukazikwa Melrose. Aliyevileta ni William Keith wa Galston, ambaye siku ya vita alikuwa amevunjika mkono hakutoka.

Mwana wa Pwani ya Juu

Baada yake ukoo uliendeleza mbinu hizo?

Mhenga wa Kaskazini

Moyo mwekundu waliuweka kwenye ngao, mbinu waliziacha. Mwaka 1333 Edward III aliizingira Berwick, iliyokuwa sasa mikononi mwa Waskoti, na mji ukafanya mapatano yaleyale ya Stirling: tusipookolewa kufikia siku fulani, tunakabidhi. Mlinzi wa ufalme wakati huo alikuwa Sir Archibald Douglas, ndugu wa James kwa baba. Kwanza akajaribu kuvamia Northumberland ili Edward aondoke, kama walivyofanya 1319 wakafanikiwa. Safari hii Edward hakutikisika. Basi 19 Julai akawapandisha watu wake kilima cha Halidon, wakiwa wamepita kwanza kwenye matope, wapiga upinde wa Kiingereza wakiwangoja juu. Archibald akafa, na William, mtoto wa halali wa James, akafa siku hiyohiyo.

Ardhi ikaenda kwa Hugh, ndugu wa James aliyekuwa padri, naye akaiachia 1342 kwa mtoto wa Archibald. Mtoto wa nje wa James, naye Archibald, alisubiri hadi miaka ya 1380 mwishoni ndipo akawa mkuu wa ukoo.